Gegedu

Miaka kumi na tisa nimeishi na sindano.
Najua namba zake kwa ncha ya kidole,
ipi ya jinzi, ipi ya hariri,
na nimejidunga mara nyingi kuliko vifungo nilivyotia.
Hivyo nilipoketi kwa Zamzam, kule Oli,
nilijidai.

Akanawa mikono mpaka viwikoni.
Akavaa glovu, akanitia nukta ya wino
juu kabisa, pale sikio linapojikunja kama ukingo wa chapati.
"Hapa si kwenye ndewe," akasema. "Ndewe ni nyama, inasamehe.
Huku ni gegedu. Gegedu lina kinyongo."
Nikauliza ile bastola ya kutogea iko wapi.
"Bastola ni ya majambazi. Vuta pumzi."

Kruk.
Sikulisikia kwa sikio, nililisikia kwa meno,
kama mtu ametafuna karoti mbichi ndani ya fuvu langu.
Kisha joto. Kisha chozi moja,
la jicho la kushoto tu,
jirani aliyekuja kutoa pole.

Masharti aliyaandika nyuma ya risiti:
usikiguse kipini, usikizungushe,
spiriti waachie wasafisha vyuma,
robo kijiko cha chumvi, kikombe cha maji yaliyochemka,
asubuhi na jioni, kwa kitambaa safi.
Na usililalie. Miezi sita. Pengine mwaka.

Hapo ndipo sikutaka kusikia.

Maana kitanda chetu ni kimoja, mimi na Letaru, mdogo wangu,
na tangu mazishi ya mama,
tangu ile hesabu ya mbuzi isiyokubali kujumlika,
mimi hulala nikiutazama ukuta.
Ubavu wa kushoto. Sikio la kushoto.
Ukuta naujua: una ufa unaoanzia kwenye swichi
ukapotea nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.

Usiku wa kwanza nilijaribu kuiba kidogo.
Wanasema sikio halipiti kichwa,
lakini usiku ule ndilo lililokuwa mkubwa wa nyumba.
Likaniamuru nigeuke. Nikageuka.
Na hapo palikuwa na uso wa dada yangu, macho wazi,
futi moja tu kwa tepu yangu.

Hakusema. Sikusema.

Wiki ya tatu nilivuta tepu shingoni
kumpima bwana harusi mmoja wa Mvara,
ikanasa kipini.
Nilipiga yowe mpaka bwana harusi akaruka na pini zake.
Sikio likavimba, likawaka,
likatoa ute mweupe uliokauka ukawa gaga.
Sikio la kufa halisikii dawa; langu lilizisikia zote,
tangawizi, majivu, dawa ya meno,
kila mteja na yake.
Zamzam akazitupa zote kwa mkono mmoja:
"Ute mweupe ni mwili unafanya kazi.
Ukiwa wa kijani, ukiona na homa,
usije kwangu, nenda hospitali.
Na kipini usikitoe mwenyewe."

Jioni hiyo nilikuwa nakoroga kikombe changu
Letaru alipochovya kidole, akaonja, akakunja uso.
"Chumvi unazidisha."
Maneno mawili, baada ya miezi saba.
Akamwaga, akachemsha mengine,
akashika tochi ya simu kwa meno
na kulilowesha lile gaga taratibu,
vidole vikinuka vitunguu vya sokoni.
Kuhusu mbuzi hakuna aliyetaja.
Mpaka leo hakuna aliyetaja.

Sasa ni mwezi wa saba. Siku nyingi limetulia,
ila mvua ikitokea upande wa Kongo
huota kijipele, kisha hujirudi chenyewe.

Juzi nilijaribu ubavu wa kushoto.
Halikuuma.
Nikakaa hivyo kidogo, nikiutazama ule ufa.
Kisha nikageuka, nikanong'ona,
"Bado linauma."

Letaru, nusu usingizini:
"Muongo."